Kuanza kuendesha seva ya picha na video nyumbani: ninunue kifaa gani, na nianze na programu ipi?

Mama Neema (Umoja)

Salamu kwenu nyote. Naomba mwongozo wa wale waliotangulia katika jambo hili. Nyumbani kwetu Umoja tuna simu nne, na picha za familia zimetapakaa kila mahali. Nyingine zimo kwenye akaunti ya Google ambayo gigabaiti zake 15 za bure zimejaa, kwa sababu barua pepe, nyaraka na picha zote zinagawana nafasi hiyo hiyo. Nyingine zimo kwenye simu ya mume wangu iliyopasuka kioo, na nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera tuliyoiacha kuitumia zamani. Kuna pia DVD za harusi yetu na za kwaya ya kanisa, ambazo hatuwezi kuzitazama tena kwa kuwa laptopu tulizo nazo hazina mahali pa kutia DVD.

Nimesoma kwamba mtu anaweza kuweka kompyuta moja nyumbani ikawa hifadhi ya picha, ikachezesha video kwenye runinga, na hata ikatunza nyaraka kama vyeti vya watoto na risiti za kodi ya nyumba, bila kulipia huduma kila mwezi. Mimi ni karani wa hesabu, si mtaalamu wa kompyuta, ila sioni taabu kusoma maelekezo na kuyafuata hatua kwa hatua.

Ningependa kujua kifaa kisichokula stima nyingi, maana tunatumia tokeni na kila yuniti naihesabu. Ningependa pia kujua programu zinazomfaa mtu anayeanza, na kama data itaharibika stima ikipotea ghafla, jambo ambalo huku kwetu si geni. Mwisho, dada yangu yuko Mombasa na angependa kuziona picha za watoto. Je, hilo linawezekana bila kuufungulia ulimwengu mzima mlango wa nyumba yangu?

Fundi wa Ngara

Mama Neema, karibu sana. Nitajibu upande wa kifaa na stima, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Huhitaji kompyuta mpya. Zinazokufaa ni zile kompyuta ndogo za ofisini zilizokwisha tumika, ambazo wauzaji wa katikati ya jiji huziita ex-UK: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro. Ikiwa imewashwa bila kazi nzito, kompyuta ya aina hiyo kwa kawaida hutumia wati 15 au chini ya hapo. Wati 15 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 10.8 kwa mwezi. Kompyuta kubwa ya mezani yenye kadi ya michoro, inayokula wati 80 hata wakati imekaa tu, itakumalizia yuniti 57.6 kwa muda huo huo. Kwa hiyo mtu akikuuzia ile kubwa kwa bei ya chini mno, zidisha tofauti ya yuniti 46.8 kwa bei unayolipia tokeni, kisha zidisha tena kwa miezi 12, ndipo utakapoona bei yake halisi.

Unapochagua, soma nambari ya prosesa. Katika prosesa za Intel za kompyuta hizi, i5-6500T ni ya kizazi cha sita, i5-7500T ni ya saba, na i5-8500T ni ya nane. Mimi nashauri kizazi cha saba kwenda juu. Simu nyingi za sasa hurekodi video kwa mfumo wa HEVC, na iPhone zinaporekodi kwa HDR, yaani kwa upana zaidi wa mwanga na rangi, hutumia HEVC ya biti 10. Kuanzia kizazi cha saba, sehemu ya video iliyomo ndani ya prosesa ya Intel inaisoma aina hiyo yenyewe, bila kuichosha prosesa nzima. RAM iwe gigabaiti 8 angalau, na 16 ni bora ukiweza. Ndani iwe na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, kwa ajili ya mfumo na programu, kisha picha na video zikae kwenye diski nyingine kubwa.

Usilipe kabla ya kuiona ikiwaka. Nenda dukani na flashi yenye Linux, mfumo endeshi wa bure, inayoweza kuwasha kompyuta bila kusakinishwa, uiwashe mbele ya muuzaji, ufungue programu ya kukagua diski na usome taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, tazama mistari miwili. Wa 05 ni hesabu ya sekta zilizoharibika zikahamishwa, nayo inapaswa kuwa sifuri. Wa 09 ni saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski inayoonyesha saa 40,000 imekwisha fanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo, hata kama sanduku lake limepanguswa likang'aa. Diski ya kuhifadhia picha nunua mpya. Hapo ndipo pesa zako ziende, si kwenye prosesa ya kifahari.

Kuhusu stima: ndiyo, umeme ukikatika katikati ya kuandika data, hifadhidata inaweza kuharibika. Tafuta UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme stima ikipotea) yenye waya wa USB, uiunganishe na seva, kisha usakinishe programu iitwayo NUT, ambayo huizima seva kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Halafu ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, utafute mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme unaporudi, uchague iwake yenyewe. Ukiliacha hilo, utakuwa kazini siku nzima huku seva imelala.

Wengine watakushauri Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Ni kifaa kizuri kwa kazi nyingi, lakini Raspberry Pi 5 iliyotoka mwaka 2023 haina maunzi ya kusimba video, yaani ya kuigeuza iwe ya mfumo mwingine, na ukishaongeza adapta, kasha na diski, bei yake hukaribia ile ya kompyuta ndogo niliyoitaja.

Mwalimu wa Kasarani

Namuunga mkono Fundi kwa yote aliyoyasema kuhusu kifaa. Mimi ninataka kuongeza jambo ambalo nadhani ndilo litakaloamua kama kazi hii itakufaa au itakuliza: mpangilio wa kuanza. Watu wengi huanza na picha kwa sababu ndizo zinazowasumbua, na ndani ya wiki moja wanazifuta kwenye simu ili wapate nafasi. Wakati huo bado hawajajua kusasisha programu, hawajui data zao ziko kwenye folda gani, na hawajawahi kurejesha chochote kutoka kwenye nakala ya akiba. Anza na kitu ambacho hata kikipotea kwenye seva, asili yake bado iko mkononi mwako. Kwako wewe kitu hicho ni DVD.

Azima kisomaji cha DVD cha USB. Kila DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, basi nakili kwanza yaliyomo yote kama yalivyo kwenye diski, kwa sababu DVD za kurekodiwa nyumbani huzeeka, na yenye mikwaruzo leo huenda isisomeke kesho. Baada ya hapo tumia HandBrake, ambayo ni ya bure, kuzigeuza ziwe H.264, mfumo wa video unaochezwa karibu na kila kifaa. Video ya DVD imesimbwa kwa MPEG-2, mfumo ambao vivinjari vya kawaida havichezi, na usipoigeuza mapema, seva italazimika kuigeuza upya kila mara mtu anapobonyeza kitufe cha kutazama. Washa pia kichujio cha kuondoa mistari inayopishana. Video nyingi za PAL, mfumo wa runinga uliotumika huku kwetu, zina picha 25 kwa sekunde, na kila picha imegawanywa nusu mbili zenye mistari inayopishana. Usipokiwasha, mikono ya wanakwaya wanapopiga makofi itaonekana ina kingo kama meno ya kitana.

Video hizo sasa ziweke chini ya Jellyfin. Hii ni programu huria ya kuchezesha video kutoka kwenye seva, iliyozaliwa mwezi Desemba 2018 kutokana na programu nyingine iitwayo Emby, wakati Emby ilipoacha kuwa huria. Ninaipendelea kuliko Plex, programu ya kampuni inayofanya kazi kama hiyo, kwa sababu haikudai akaunti ya kampuni yoyote ili utazame video zako mwenyewe, na haikutozi chochote kwa kutumia ile sehemu ya video ya prosesa aliyoieleza Fundi. Isakinishe kwa Docker juu ya Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Docker huiweka kila programu ndani ya kontena lake, na maelezo yote ya jinsi inavyoendeshwa hukaa kwenye faili moja ya maandishi, ambayo ukiihifadhi unaweza kuijenga seva upya kwenye kompyuta nyingine. Kaa na Jellyfin hiyo mwezi mmoja hivi. Isasishe, izime, iwashe, ihamishe folda uone nini kinatokea.

Ukishazoea, weka Immich kwa ajili ya picha. Ina programu ya simu inayopakia picha kwenye seva yenyewe, ina ramani, inatambua nyuso, na utambuzi huo wote hufanyika ndani ya kompyuta yako, picha za wanao zisitoke nje. Hifadhidata yake ikae kwenye SSD ya ndani, picha zikae kwenye diski kubwa. Kumbuka kwamba folda ya picha peke yake si nakala kamili: majina ya watu, albamu na mpangilio vimo ndani ya hifadhidata. Immich hutoa nakala ya hifadhidata yenyewe kila siku na kuiweka kwenye folda iitwayo backups, basi hakikisha folda hiyo nayo inanakiliwa nje ya seva.

Diski mbili zilizounganishwa kwa RAID, yaani zinazoandikwa data ile ile kwa pamoja, si nakala ya akiba. RAID hukulinda diski moja ikifa. Haikulindi mtoto akifuta albamu, wala mwizi akiondoka na kompyuta nzima. Kanuni ninayoifuata ni nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja iwe mbali na nyumba. Kuipeleka hiyo ya mbali kupitia intaneti kunahitaji subira, kwa kuwa gigabaiti 100 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde ni takriban saa 44 bila kukatika. Kwa familia nyingi ni rahisi zaidi diski ya pili ikae kwa mzazi au kazini, ibadilishwe kila mnapoonana. Itengeneze kwa restic, programu ya nakala za akiba ambayo husimba kila kitu kwa fiche, ili atakayeiokota asione chochote.

Na usifute picha hata moja kwenye simu wala kwenye Google mpaka siku utakapochukua diski ya akiba, uichomeke kwenye kompyuta nyingine, urejeshe albamu moja na kuifungua kwa macho yako.

Mkaazi wa South B

Mimi nashughulika na mitandao, kwa hiyo nitabaki kwenye swali la dada wa Mombasa.

Kabla ya yote, jua kama nyumba yako ina anwani ya IP ya umma au la. Fungua ukurasa wa ruta yako, tafuta sehemu inayoonyesha anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa intaneti, uiandike pembeni. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP, ulinganishe. Zikiwa sawa, una anwani ya umma. Zikiwa tofauti, na hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi mtoa huduma wako anawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja, utaratibu unaojulikana kama CGNAT. Safu hiyo ya anwani ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Mtoa huduma mwingine anaweza kutumia anwani inayoanza na 10. Ukiwa nyuma ya CGNAT, hata ukifungua milango yote ya ruta, hakuna atakayeifikia seva yako kutoka nje kwa anwani hiyo, kwa hiyo usipoteze wikendi ukihangaika na mipangilio ya ruta. Wateja wa kawaida wa Starlink, ambayo ilianza kutoa huduma Kenya mwezi Julai 2023, nao wako katika hali hiyo.

Njia rahisi kwa mtu anayeanza ni Tailscale. Unaisakinisha kwenye seva na kwenye simu ya dada yako, na vifaa hivyo viwili vinaonana kama viko kwenye nyumba moja, huku mawasiliano yao yamesimbwa kwa fiche, bila kufungua mlango wowote kwenye ruta. Kwa matumizi ya familia haina malipo. Chini yake inatumia WireGuard, programu huria ya kuunganisha vifaa kwa njia iliyosimbwa, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Ikiwa una anwani ya umma na unapenda kujifunza, unaweza kuiweka WireGuard mwenyewe bila kumtegemea mtu wa kati. Nisichokubaliana nacho kabisa ni kufungua mlango wa Immich au Jellyfin moja kwa moja kwenye intaneti. Kuna mitambo inayopita usiku na mchana ikijaribu kila anwani iliyo wazi duniani, na seva ya familia haina askari wa zamu wa kuitazama.

Mpe dada yako akaunti yake mwenyewe ndani ya Immich, kisha umshirikishe albamu kama mtazamaji. Ataona picha na hataweza kufuta. Usimpe nywila yako, hata kama mnaaminiana kama ulimi na mate.

Tarajia pia kwamba kasi anayoipata yeye ni kasi yako ya kupakia, si ya kupakua. Zile video za DVD zilizogeuzwa zitapita vizuri. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa simu itakwama kama kifurushi chako kinapakia kwa kasi ndogo, na hapo ndipo Jellyfin inapoipunguza ili ipite. Na seva yenyewe iunganishwe na ruta kwa waya. Ukuta mmoja wa mawe unatosha kuiharibu Wi-Fi.

Mama Neema (Umoja)

Nawashukuru sana, mmenieleza kwa namna ambayo hata mimi nimeielewa. Nimeangalia ruta, na anwani yake inaanza na 100.72, kwa hiyo nitafuata njia ya Tailscale. Nimekubali pia kuanza na DVD, ingawa moyo ulikuwa kwenye picha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kuna laptopu ya zamani hapa nyumbani ambayo kioo chake hakionyeshi kitu, lakini ikiunganishwa na runinga kwa HDMI inafanya kazi; je, inaweza kuwa seva badala ya kununua kifaa? La pili ni la mume wangu, na naona ana haki. Anauliza: nikisafiri, au nikiugua, au nikiondoka duniani, wao watazipataje picha ambazo nimezifungia kwenye mtambo ninaouelewa peke yangu?

Fundi wa Ngara

Laptopu inafaa, na kwa kuanzia na Jellyfin ni chaguo zuri kwa sababu hutatoa pesa kabla hujajua kama kazi hii utaipenda. Soma prosesa yake kwa vipimo vile vile nilivyotaja. Ipangie isilale unapofunika kifuniko. Betri yake itakusaidia stima ikipotea kwa muda mfupi, lakini betri inayokaa imejaa asilimia 100 miezi yote huchakaa na inaweza kuvimba. Kama laptopu yako inaruhusu, weka kikomo cha kuchaji, mathalani asilimia 80. Ukiona sehemu ya kuguswa kwa kidole imeinuka au kifuniko cha chini hakikai sawa, izime na uiondoe betri siku hiyo hiyo. Baada ya hapo itahitaji UPS sawa na kompyuta nyingine. Kumbuka ruta na kisanduku cha faiba navyo vinahitaji umeme. Vingi hutumia volti 12, na kuna UPS ndogo zinazotoa volti hizo, ila soma lebo ya adapta kabla ya kununua.

Mwalimu wa Kasarani

Swali la Baba Neema ndilo swali bora katika mazungumzo haya, na ningependa kila anayeanza alijibu kabla ya kuhamisha picha ya kwanza.

Ndani ya Immich kuna mpangilio wa jinsi faili zinavyopangwa kwenye diski. Usipouwasha, picha huwekwa kwenye folda zenye majina marefu ya herufi na tarakimu yasiyomwambia mtu chochote. Uwashe mapema, uchague folda za mwaka na mwezi. Hapo hata seva ikifa na hakuna anayejua Docker ni nini, mtu atafungua diski na kukuta folda ya 2019, ndani yake Desemba, na ndani yake picha za kawaida kabisa. Nakala inayokaa nyumbani iweke bila kusimbwa kwa fiche, kwenye diski ya mfumo wa exFAT, ambayo kompyuta ya Windows huifungua ikichomekwa tu. Ile inayokaa mbali ndiyo isimbwe kwa restic.

Kisha andika karatasi moja kwa mkono: diski ya nyumbani iko wapi, nyingine iko kwa nani, nywila ya restic ni ipi, na akaunti ya Immich ya nani ina mamlaka yote. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mahali ambapo nyote wawili mnapajua. Jumamosi moja mpe mume wako karatasi hiyo na laptopu isiyo seva, umwombe atafute picha ya harusi bila wewe kumwelekeza kwa neno lolote. Atakapokwama, rekebisha mstari huo wa karatasi, halafu ajaribu tena tangu mwanzo.